Jinsi ya kuandaa usiku wa katuni uani, wewe na besti yako

Kila mwisho wa mwezi napata maswali yaleyale. Shuka au ukuta? Projekta gani? Mbona sauti inachelewa? Tuanze na filamu ipi, na umeme ukikatika je? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, atakayeuliza tena nampa hii.

Mimi na besti yangu tunafanya hii kitu hapa Dar, uani kwao Tabata, mara moja kwa mwezi kama mvua haijatuingilia. Wote wawili tunapenda katuni tangu sekondari na tumeshachoka kuambiwa ni mambo ya watoto. Nikwambie mapema kabisa, kinachobeba usiku wa namna hii ni giza na sauti. Ukubwa wa picha unakuja baadaye sana. Wanaoanza wengi wanamaliza hela yote kwenye projekta halafu wanasikiliza filamu kwa kile kispika cha ndani ya projekta, taa ya barazani inawaka, majirani wanapita mbele, wanashangaa mbona hainogi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Projekta ndogo ya LED. Kama ndo mara ya kwanza, azima kwanza kwa mtu unayemjua, usinunue. Kama lazima ununue basi usiamini ile namba kubwa mbele ya boksi, wanaandika lumeni (kipimo cha mwanga) 9000 kwenye kitu cha ukubwa wa mkate, sio kweli. Tafuta palipoandikwa ANSI, hicho ndo kipimo cha mwanga chenye kanuni. Lumeni 200 mpaka 300 za ANSI zinatosha kwa uani penye giza na picha ya upana wa mita 2. Na ukiambiwa "inasapoti 1080p" uliza native yake, yaani nukta halisi za picha inazoonyesha, ni ngapi, kwa sababu kusapoti maana yake inapokea tu hiyo picha, ndani yake yenyewe inaweza kuwa 480p na maandishi utayasoma kwa kukunja macho.
- Shuka jeupe la kitanda cha 6 kwa 6, lisilo na maua wala mstari katikati. Na kanga au blanketi la rangi nzito la kuweka nyuma yake.
- Sabufa, au spika yoyote yenye tundu la AUX, lile la kuchomeka waya wa sauti. Na waya wa AUX mrefu, mita 5 kwenda juu.
- Laptopu au flashi yenye filamu, waya wa HDMI, ekstensheni ndefu iliyo nzima.
- Kamba, vibanio vya nguo kama 20, chupa 4 za maji za lita moja na nusu.
- Mikeka 2, mito, dawa ya mbu.

Projekta huna na hujapata wa kukuazima? Fanya sebuleni kwenye TV, hatua nyingi za chini bado zinakuhusu. Ila ingia kwenye menyu ya picha uzime ile setingi ya kulainisha mwendo. Katuni ya kuchorwa kwa mkono mara nyingi inatumia michoro 12 kwa sekunde, kila mchoro unakaa fremu 2 kati ya zile 24, wachoraji wameipanga hivyo makusudi. TV ikianza kujibunia michoro ya katikati, wahusika wanateleza kama wamepakwa mafuta.

Hatua kwa hatua

1. Kubalianeni filamu siku 3 kabla. Hapa ndo usiku mwingi unapofia. Mnakaa, mnapekua majina, saa 4 inafika, mmoja ana usingizi. Sisi utaratibu wetu ni kwamba mwenye uani anataja majina 2, mgeni anachagua moja, mwezi unaofuata tunabadilishana. Filamu moja tu kwa usiku, na mwanzo chukueni ya dakika 90 au chini ya hapo.

Angalieni pia rangi. Projekta ndogo inashindwa filamu zenye usiku mwingi na mapango, unaishia kuona shuka la kijivu na macho mawili. Chagua yenye mwanga na rangi nzito.

Wanaouliza waanze na nini, mi huwa nawapa hizi. Flow ya mwaka 2024, imetoka Latvia, dakika 85, hakuna neno hata moja linalosemwa ndani yake, ni paka na mbwa na wanyama wengine ndani ya mashua moja baada ya mafuriko. Haina sabtaito za kuhangaika nazo, hata bibi akija kukaa nanyi anaelewa sawa na nyie. Waliitengeneza kwa Blender, programu ya bure ambayo hata wewe unaweza kuidaunlodi leo, na mwaka 2025 ikachukua Oscar. Mi kila nikikumbuka hilo napata nguvu. Kirikou ya mwaka 1998, hadithi ya Afrika Magharibi, aliyeitengeneza Michel Ocelot alikulia Guinea utotoni na muziki ni wa Youssou N'Dour. Fupi, rangi zake zimekolea, hata kwenye projekta dhaifu inapendeza.

Na kuna moja ambayo watu hawaniamini mpaka waione: The Adventures of Prince Achmed ya Lotte Reiniger, Ujerumani, mwaka 1926. Ndiyo katuni ndefu kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Mama huyu alikata watu na farasi kwa mkasi kwenye makaratasi meusi, akawasogeza kidogo kidogo na kuwapiga picha, kazi ya miaka 3. Hadithi zenyewe ni za Alfu Lela Ulela, hizohizo tulizosimuliwa. Ni vivuli vyeusi juu ya rangi moja kwa hiyo projekta mbovu kuliko zote bado inaionyesha vizuri. Vile vidole vyembamba vya yule mchawi kwenye shuka la pamba chini ya mnazi, sijaona kitu kinachokaa mahali pake kama kile.

Tahadhari moja. Aprili 1988 kule Japani My Neighbor Totoro na Grave of the Fireflies zilitoka pamoja, tiketi moja. Na sisi tukasema tufanye hivyo. Tukaanza na Totoro, tukamaliza na ile ya vita, ya wale watoto wawili wasio na mama. Besti yangu alijifunika kanga usoni akabaki hivyo, bodaboda wangu kaja kapiga honi mara 3 hakuna aliyeinuka. Kama lazima mzifuatanishe anzeni na ya vita ili mmalizie kwenye msitu na kicheko.

2. Andaa faili mchana. Kama inaingia kwenye flashi, kumbuka flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili lolote linalozidi GB 4, itakugomea hata kama nafasi ipo. Fomati exFAT, ila ujaribu kwanza kama projekta inaisoma. Faili la sabtaito liwe na jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, likae folda moja nayo. Usitegemee kustrimu usiku, bando la saa 2 usiku mtaani kwenu unalijua mwenyewe.

Kama mwenzio Kiingereza cha sabtaito kinamkimbia, mtafsirie kwa sauti ya chini. Kaka zetu walikulia vibanda umiza wakimsikiliza Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, filamu ya Kichina inapita kwa Kiswahili na hakuna aliyelalamika.

3. Ongea na watu wa nyumbani. Mwambie mama mwenye nyumba siku moja kabla, kwa adabu, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kama LUKU mnashea waambie wenzio pia na mchangie kidogo, ingawa projekta ya LED na sabufa kwa saa 2 hazifikishi hata nusu ya uniti. Watu wanaogopa umeme wao utaisha, ukiwaambia hivyo wanatulia.

Watoto wa uani watakuja, hilo halizuiliki, na msiwafukuze. Sisi tunawawekea vipande viwili vya Ubongo Kids kwanza, ni kazi ya hapahapa Dar na kwa Kiswahili, wanaimba wee, halafu mama zao wanawaita kula na sisi tunaanza ya kwetu. Tangu tufanye hivyo hakuna tena mtoto wa kukatiza mbele ya shuka katikati ya filamu.

4. Angalia mwezi na hali ya hewa. Mbalamwezi inaosha picha yote. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ruka tarehe 13 mpaka 15 na siku chache pembeni yake. Na usiku wa kwanza baada ya mvua ya vuli uache, nitakwambia chini kwa nini.

5. Funga shuka saa 11 jioni, bado kuna mwanga. Lipige pasi kwanza, mkunjo mmoja tu utakaa usoni kwa mhusika filamu nzima. Funga kamba kati ya nguzo mbili au dirisha na mti, ivutwe haswa, bana shuka kwa vibanio kila baada ya kiganja kimoja. Nyuma yake tundika ile kanga nzito, maana shuka moja la pamba linapitisha mwanga na picha inafifia. Chini funga chupa za maji kwenye pembe na mbili katikati, upepo wa kusi ukipita shuka linakuwa tanga la jahazi bila hizo chupa.

Ukuta je? Ukuta mweupe uliolainishwa ni mzuri kuliko shuka. Wa plasta ya kukwaruza au wa rangi ya maziwa hapana.

6. Weka projekta. Kwa hizi ndogo, picha ya upana wa mita 2 inahitaji projekta ikae kama mita 2.6 mpaka 3 kutoka kwenye shuka. Kimo chake kitakuwa kama mita 1.13, kwa hiyo shuka la 6 kwa 6 linatosha na linabaki. Iweke kwenye stuli imara, lenzi iangalie katikati ya shuka moja kwa moja. Kosa ninaloliona kila siku ni mtu anaiweka chini pembeni halafu anatumia setingi ya kunyoosha picha. Inanyooka kweli ila inakula ukali wa picha. Sogeza stuli, usiguse setingi.

Fokasi fanya kwa maandishi, weka sabtaito yoyote usimamishe hapo, zungusha mpaka herufi zikate.

7. Sauti. Spika ikae mbele, kando ya shuka, sauti itoke picha inapotoka. Tumia waya. Bluetooth inachelewesha sauti, ni kidogo sana lakini kwenye katuni inauma kuliko kwenye filamu ya watu, mlango umeshafungwa na mtu ameshageuka ndo unasikia "paa". Waya upitishe pembeni ya mkeka, sio katikati watu wanapopita kwenda chooni.

Besi ipunguze. Usiku besi inapita kuta, maneno hayapiti, kwa hiyo jirani anasikia mtikisiko tu na nyie hamsikii mazungumzo. Besi chini, sauti za juu zipande kidogo, wote mnapata amani.

8. Mikeka, mbu, chakula. Kaeni umbali wa mita 3 hivi, mbele kidogo ya projekta au pembeni yake, feni yake isiwapulizie masikioni. Dawa ya mbu ya kuchoma iwe nyuma yenu, mbali na projekta, moshi ukipita kwenye mwanga unaonekana kama ukungu na ukiingia ndani ya feni unaganda kwenye lenzi.

Chakula kizito kiliwe kabla. Wakati wa filamu vitu vya mkono mmoja visivyo na kelele: kashata, ubuyu, mihogo iliyokaangwa ikapoa kidogo, chai ya tangawizi kwenye chupa. Bisi ni nzuri ila mimina kwenye bakuli, usije na mfuko wa nailoni. Kuna sehemu kwenye Flow kimya kinatanda kabisa, maji tu yanasikika, mtu akichakura mfuko hapo umeharibu kitu kisichorudi.

9. Anza giza likiwa limekaa. Hapa Dar jua linazama kati ya saa 12 na robo, mwezi wa 6, na saa 1 kasoro robo, mwezi wa 2. Giza letu linaingia haraka, saa 1 na dakika 20 unaweza kurusha picha mwaka mzima. Ila kama mmoja wenu anaswali basi subirini Isha ipite, adhana katikati ya filamu mtasimamisha tu na hamu inakatika. Sisi tunaanza saa 2, saa 3 na nusu tumemaliza.

Zima taa ya barazani. Zima na ya koridoni. Hii ni bure na inaongeza ubora kuliko kubadili projekta.

10. Wakati wa kuangalia. Simu zigeuzwe kifudifudi, zikae kimya. Msisemeshane dakika 20 za kwanza, filamu inataka muda wa kukufundisha macho yake. Baada ya hapo kunong'ona kidogo ruksa, ndo raha ya kuwa wawili. Mkitaka kitu cha kukamata kwa macho, kwenye Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 tazameni pale kijana na yule mkubwa wanaporuka msituni. Mzoefu anaenda picha 24 kwa sekunde, kijana bado anaenda 12, kwa hiyo anaonekana anachelewachelewa mpaka atakapojua kazi. Tulirudia kipande hicho mara 4, besti yangu anahesabu kwa vidole.

11. Majina ya mwisho yaacheni yaishe, taa isiwashwe. Mtu anayeruka kuwasha taa anafukuza kilichobaki kwenye filamu. Kaeni gizani, atakayeanza kuongea aanze. Mi huwa nauliza swali moja tu: picha gani utaondoka nayo? Hapo hatulali mapema.

Ila usafiri upange kabla. Bodaboda unayemjua, mpe saa, na muongeze nusu saa ya mazungumzo.

Ikikugomea

*Sauti ipo, picha nyeusi.* Unatumia app ya kulipia na unarusha kutoka kwenye simu. Nyingi zinazuia hivyo makusudi. Tumia laptopu na HDMI, ikigoma bado basi weka faili ulilonunua kihalali kwenye flashi.

*Sabtaito inawahi au inachelewa.* Kwenye VLC ya laptopu bonyeza H kuichelewesha na G kuiwahisha, kidogo kidogo mpaka ikae. Sauti nayo ni J na K, hizo zitakusaidia pia kama umelazimika kutumia bluetooth.

*Sabtaito ina alama za ajabu badala ya herufi.* Fungua lile faili kwenye noutipadi, hifadhi upya kwa kuchagua UTF-8.

*Projekta inazima yenyewe baada ya nusu saa.* Joto. Umeiweka juu ya mto au blanketi na matundu yake yamezibwa. Iweke kwenye kitu kigumu, iache ipoe dakika 15.

*Picha imefifia.* Kabla ya kulaumu projekta ipunguze picha, sogeza stuli mbele. Picha ya mita moja na nusu yenye rangi inashinda ya mita 3 iliyopauka. Angalia na taa ya jirani, mkamwombe.

*Umeme umekatika.* Pawabenki ya simu haiendeshi projekta nyingi, msidanganyane. Kama hakuna inverta, malizieni kwenye laptopu, kila mtu upande wake wa mkeka, spika ya chaji katikati. Tumeshafanya hivyo mara 2 na moja kati ya hizo mbili ndo usiku ninaoukumbuka kuliko yote.

*Kumbikumbi.* Ndo hao niliosema juu. Mwezi wa 11 mvua ilikatika saa 10, tukasema twende tu. Saa 2 na robo walikuja wote, wakajaa kwenye shuka, wanatembea juu ya mawingu yaliyochorwa na kuangusha mbawa kwenye chai. Dawa yake: zima projekta dakika 10, washa taa kali upande wa pili wa nyumba, watahamia huko. Iacheni iwake mpaka mmalize.

*Matone ya mvua.* Chomoa ekstensheni ukutani kwanza, halafu beba projekta, shuka liache lilowe. Na shuka usilikunje likiwa na umande, litatoka madoa meusi ambayo hayatoki.

*Mwenzio kalala katikati.* Simamisha. Andika kwenye simu dakika mliyoishia, mfunike kanga, zima sabufa taratibu. Usiimalize peke yako. Mwezi ujao mnaanzia hapohapo.